Injini Inayokaa Mezani

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 kuingia 1764, James Watt, fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, aliletewa mfano mdogo wa injini ambao ulikuwa umeshapelekwa London kutengenezwa na kurudishwa. Ulikuwa mfano wa pampu ya mvuke ya Thomas Newcomen, na walimu waliutumia kufundishia. Injini kamili za aina hiyo zilikuwa zikitoa maji migodini tangu mwaka 1712, na kila moja ilihitaji jengo lake. Huu wa chuo ulikuwa na silinda yenye upana wa sentimita 5, na pistoni yake ilipanda na kushuka sentimita 15 tu.

Watt aliurekebisha, akawasha moto. Ukapiga mapigo machache, ukasimama. Boila ilionekana kutosha na moto ulikuwa mkali, lakini mvuke ulikwisha.

Fundi mwingine angetafuta kiungo kinachovuja, akakibana na kudai ujira wake. Watt alikwenda kwenye hesabu. Ukipunguza vipimo vyote vya silinda kwa nusu, eneo la kuta zake linabaki robo, lakini nafasi ya ndani inabaki thumuni. Silinda ndogo basi ina ukuta mwingi kwa mvuke mchache, na ukuta ndio unaokula joto. Tena katika injini ya Newcomen maji baridi yalirushwa ndani ya silinda kwa kila pigo, ili mvuke urudi kuwa maji na uzito wa hewa ya nje uisukume pistoni chini. Silinda ilipozwa, ikapashwa, ikapozwa tena, kutwa kucha. Injini kubwa zilikuwa na ugonjwa huohuo, ila ukubwa wao uliuficha.

Mwaka 1765, akitembea katika uwanja wa Glasgow Green, alipata jawabu: mvuke upozwe katika chombo cha pembeni, silinda yenyewe ibaki na joto lake. Alilijaribu kwa bomba la shaba la sindano ya madaktari, akaligeuza kuwa silinda. Hataza ilitoka mwaka 1769. Vitabu vya shule humtaja Watt na birika la chai. Ningependa vimtaje zaidi na huo mfano uliogoma.

Mwajiriwa wake, William Murdoch, naye alikuwa na mkono wa vitu vidogo. Mwaka 1784, huko Redruth, Cornwall, aliunda kigari cha mvuke cha magurudumu matatu, chenye urefu usiofika nusu mita, kikipashwa moto kwa taa ya spiriti. Kilikimbia chenyewe. Husimuliwa kwamba usiku mmoja kilimtimua kasisi wa mji akidhani ni shetani, na hadithi hiyo ni tamu mno kuachwa hata kama imetiwa chumvi. Waajiri hawakupendezwa na kigari, na Murdoch akarudi kwenye injini za migodini.

Kuunda injini ndogo kwa kuipenda tu kulikuja kupata gazeti lake. Januari 1898, Percival Marshall alianzisha jarida la Model Engineer jijini London, na mwaka huohuo chama cha waundaji kikaanzishwa. Kerezo ndogo za kukanyagia kwa mguu zilikuwa zinapatikana, na mtu mwenye kazi ya mshahara aliweza kuiweka moja kibandani nyuma ya nyumba na kukereza magurudumu yake jioni.

Hao ndio waliokuja kuvutana katika miaka ya 1920 kuhusu boila. Makampuni ya kuuza injini ndogo za reli yalitumia spiriti, yakiamini makaa ya mawe hayafai kwa chombo kidogo namna hiyo. Mwandishi aliyejiita LBSC, herufi za kampuni ya reli aliyowahi kuifanyia kazi, alipinga. Wenzake walimwita Curly Lawrence, na kalamu yake ilikuwa kali. Katika maonesho ya London ya mwaka 1924 alileta Ayesha, injini yake ya reli zenye nafasi ya milimita 64 hivi kati yake, inayokula makaa ya mawe. Ikavuta watu wazima.

Siri yake ilikuwa kukubali kwamba maumbile hayapunguzwi kwa rula. Boila ya injini kamili ina mirija mingi ya kupitisha moshi wa moto katikati ya maji. Mrija wa sentimita 5 ukipunguzwa kwa kipimo cha Ayesha unabaki na milimita 2 hivi, na masizi yanauziba mara moja. Lawrence alitia mirija michache na minene zaidi. Nje injini ilifanana na dada yake mkubwa. Ndani ilikuwa na hesabu zake.

Boila ya namna hiyo inatengenezwa kwa bamba la shaba nyekundu. Bamba linapashwa moto mpaka liive wekundu, linatumbukizwa majini na kutoka laini, tofauti na chuma cha pua ambacho kingekuwa kigumu. Kisha linagongwa kwa nyundo ya mbao juu ya kalibu mpaka ukingo upinde. Shaba inakuwa ngumu kadiri inavyogongwa, basi inarudi motoni, tena na tena. Viungo vinaunganishwa kwa lehemu ya fedha. Mwisho boila inajazwa maji baridi na kusukumwa kwa pampu ya mkono mpaka mara mbili ya shinikizo litakalofanya kazi. Wanatumia maji kwa sababu boila ikipasuka hapo, yanavuja tu, mvuke ungelipuka.

Lawrence aliyaandika haya hatua kwa hatua, kwa zaidi ya miaka 40, kwa wasomaji ambao wengine hawakuwahi kushika tupa.

Cherry Hill, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1931, alikwenda upande mwingine. Alichagua injini za kilimo na za barabarani za karne ya 19, akatumia michoro na hataza za zamani, akaziunda upya kwa kipimo cha moja ya 16, ambapo bolti ya milimita 16 inabaki na milimita 1. Kila moja ilimchukua miaka. Alitwaa kikombe cha Duke of Edinburgh, tuzo kubwa ya fani hii, mara 9. Injini zake alizikabidhi kwa Institution of Mechanical Engineers ya London, taasisi ambayo rais wake wa kwanza, mwaka 1847, alikuwa George Stephenson wa garimoshi.