Nyumba ya Seremala wa Reli

Ziko nyumba ambamo mtoto hurithi shamba, na ziko ambamo hurithi jahazi au duka. Lakini Sudh Singh, seremala wa Kipunjabi aliyefika Kenya mwaka 1920 kuitumikia Reli ya Uganda, alimrithisha mwanawe chama cha wafanyakazi. Mzee huyu alikuwa miongoni mwa mafundi wa reli waliojaribu, mwanzoni mwa miaka ya 1920, kuungana ili wadai ujira wao kwa kauli moja. Na ingawa chama chao hakikudumu, na yeye mwenyewe akaiacha reli akafungua kiwanda cha kupiga chapa mjini Nairobi, fikira ile haikufa pamoja nacho.

Mwanawe, Makhan Singh, aliwasili kutoka Punjab mwaka 1927, mvulana wa miaka 13, na alipomaliza masomo akaingia kazini kwa babaye. Aliyepata kuiona kazi ile ya chapa anajua kwamba herufi za risasi ziliokotwa moja moja kutoka kisandukuni, zikapangwa kinyumenyume mpaka mstari ujae, hata vidole vya mpangaji vikalijua neno kabla jicho la msomaji halijaliona. Katika ufundi huo wa subira ndimo alimokulia kijana ambaye baadaye angewatangazia wafanyakazi habari zao kwa makaratasi ya lugha mbalimbali.

Mwaka 1935 alifanywa katibu wa Chama cha Wafanyakazi wa Kihindi, na upesi jina la kabila likafutwa, mlango ukafunguliwa kwa kila mfanyakazi, awe wa rangi yoyote au dini yoyote. Mimi nalihesabu tendo hili kuwa kubwa kuliko migomo yote iliyofuata. Katika Nairobi ya zama zile, makazi, hospitali na mishahara viligawanywa kwa rangi. Mwafrika alilazimishwa kutembea na kipande chake shingoni, ndani ya kibweta cha bati, dhila ambayo fundi wa Kihindi hakutwishwa. Na kumwambia fundi huyo kwamba maslahi yake na ya kibarua yule ni mamoja kulihitaji ushujaa, kwa kuwa fundi alikuwa na angalau kidogo cha kupoteza, na serikali ilijua hivyo. Mgomo wa mwaka 1937, uliodumu siku 62, ukawapatia mafundi nyongeza ya mishahara.

Baadaye Makhan Singh alikwenda India, akafungwa huko na Waingereza, akarejea mwaka 1947. Tarehe 1 Mei 1949 yeye na kiongozi mwenzake wa wafanyakazi, Fred Kubai, waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki. Na tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alisimama mbele ya hadhara akataka nchi za Afrika Mashariki zipewe uhuru kamili. Haikutimia mwezi, tarehe 15 Mei, yeye na Kubai wakakamatwa, na wafanyakazi wa Nairobi wakaweka zana chini kwa zaidi ya wiki moja.

Makhan Singh alizuiliwa miaka 11 na nusu, katika jangwa la kaskazini na kwingineko, hata Oktoba 1961. Alipotoka alirudia karatasi zake, na mwaka 1969 ikatoka tarikhi yake ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya. Alifariki mwaka 1973. Nyaraka alizozihifadhi zimo katika Chuo Kikuu cha Nairobi, nazo ni hazina ya mtu aliyelelewa katika chapa, asiyeweza kulitupa karatasi lenye maandishi ya wafanyakazi wenziwe.