Maganda ya matunda kuwa kitakasa mikono: Ukweli ni upi?

Maganda ya nanasi, embe na machungwa ni taka za kila siku katika mtaa wa Ganjoni na sehemu nyingine za kisiwa cha Mombasa. Je, yaweza kuvundikwa yakatoa kitakasa mikono? Alkoholi yaweza kupatikana, lakini maji yatokayo moja kwa moja katika pipa si kitakasa mikono.

Mpwani anayelijua tembo la mnazi tayari anaifahamu kanuni yenyewe. Tembo likigemwa huanza kuchacha siku iyo hiyo, kwani hamira ya asili hula sukari na kutoa alkoholi pamoja na gesi ya kaboni. Likiachwa wazi kwa siku kadhaa, bakteria huigeuza alkoholi hiyo kuwa siki.

Maganda nayo hufuata njia hiyo. Kipimo kilichoenea, ambacho asili yake ni Thailand, ni sehemu 3 za maganda, 1 ya sukari na 10 za maji, yakavundikwa kwa miezi 3. Matokeo yake ni maji makali mfano wa siki, yafaayo kusugulia sakafu na masinki.

Tatizo ni nguvu ya alkoholi. Hamira nyingi hulemewa kileo kinapokaribia asilimia 15, ilhali kitakasa mikono huhitaji angalau asilimia 60. Kipimo kimoja cha Shirika la Afya Duniani (WHO) kina asilimia 80 ya ethanoli, asilimia 1.45 ya glisirini ya kulainisha ngozi, na asilimia 0.125 ya haidrojeni peroksaidi ya kuua mbegu za bakteria ndani ya chupa.

Ili kuufikia ukali huo, sharti maji yaliyochacha yakenekwe, yaani yachemshwe na mvuke wake upozwe. Hapo ndipo penye hatari. Mvuke wa ethanoli huwaka upesi. Isitoshe, maganda yana pektini, ambayo hutoa methanoli kidogo wakati wa kuchacha. Methanoli huchemka kwa nyuzi 65 za Selsiasi na ethanoli kwa nyuzi 78, hivyo kuzitenga kunahitaji mitambo na vipimo vya maabara. Methanoli hupenya ngozi, na ikinywewa hupofusha au kuua. Wakenya hawajasahau Novemba 2000, wakati zaidi ya watu 100 walipofariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa sumu hiyo.

Aidha, kukeneka pombe bila leseni ni kosa kisheria, na vitakasa vinavyouzwa nchini hutakiwa kutimiza viwango vya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Kwa mkazi wa kawaida, basi, maganda yana faida katika mbolea na katika siki ya kusafishia nyumba. Mikono ni suala jingine. Anayejipaka maji ya maganda kisha akamlisha mtoto hudhani amejikinga, kumbe viini vingali viganjani. Sabuni na maji kwa sekunde 40 hadi 60 hutosha, na huondoa hata uchafu ambao alkoholi haiwezi kuuondoa. Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao.