Tabibu Mgeni wa Unguja

John Kirk, aliyewasili Unguja mwaka 1866 hali ya kuwa tabibu wa ubalozi wa Kiingereza, aliishia kuwa balozi mwenyewe, na kwa sababu hiyo tarehe imemhifadhi; lakini kwa rai yangu anayestahiki kudurusiwa ni tabibu mwenziwe, James Christie, Mskoti. Kipindupindu kilipoufikia mji mwaka 1869, elimu aliyokuja nayo kutoka kwao haikumfaa sana katika kutibu, kwani dawa ya maradhi hayo haikuwa ikijulikana popote. Basi akageuka mwanafunzi, akawahoji wafanyabiashara wa misafara maradhi yalipitia wapi, hata akaibaini njia yake kutoka Hijazi, kwa nchi ya Wamasai, mpaka Pangani. Aliyoyasikia barazani yalichapishwa kitabu London mwaka 1876.