Shemasi Aliyebaki Nyuma

Tukihesabu kazi za wakubwa wetu, yatupasa tuwahesabu na waliowatumikia. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa ushemasi William Jones na Ishmael Semler, watu waliokombolewa utumwani wakasomeshwa Bara Hindi. Mwezi wa Julai mwaka ule ule Jones akafuatana na Askofu katika safari ya Buganda. Walipofika Kwa Sundu, ndipo Mumias, Askofu alitangulia na wapagazi 50, naye Jones akaachiwa msafara uliosalia.

Mwisho wa Oktoba Askofu akauawa Busoga pamoja na wengi wa watu wake. Wachache waliookoka walirudi, wakamkuta Jones angali pale. Basi akawaongoza watu wale waliojaa huzuni, akawafikisha Rabai Februari 1886.

Anayetangulia huonekana na wote. Anayelinda mizigo haonekani. Lakini kama Jones angaliondoka, waliookoka wangalirudi kwa nani? Shemasi maana yake ni mtumishi. Nasi tulio wazee na walimu wa kanisa moja, tusione haya kumlindia mwenzetu mzigo wake.