Kilicho Chini ya Miti

Kila mwaka, tukifika kwenye somo la umbo la dunia, lazima mtoto mmoja darasani kwangu hapa Miti, mashariki mwa Kongo, aulize: kama dunia ni duara kama mpira, basi chini yetu kuna nini? Silipiti swali hilo haraka. Watu wa Kivu wamelijibu kwa namna nyingi tangu zamani, na sehemu ya jibu linalokubalika leo ilipimwa hapa hapa kwetu Kabare, juu kidogo ya barabara ya Katana, kwenye kituo cha Lwiro.

Koko, mama mzaa baba, hakuwahi kusema kwamba dunia ni duara. Kwake nchi ilikuwa imetandazwa, vilima na mabonde yake, na mbingu imeifunika. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, Rwanda, wazee walisimulia vivyo hivyo: mbingu ni mwamba, chini yake nchi tambarare ya walio hai, na chini ya nchi kuna kuzimu, makao ya wafu. Aliyeingizwa katika ibada ya pepo mkuu Ryangombe, ambaye sisi Bashi tunamwita Lyangombe, alitumaini kwenda kukaa naye juu ya volkano ya Karisimbi. Asiyeingizwa aliingojea adhabu ya moto wa volkano ya Nyiragongo. Koko aliyajua hayo yote. Kabla ya kunywa kasiksi, pombe ya ndizi, alimimina kidogo chini, kwa sababu aliamini kuna wanaopokea.

Watu wa Pwani nao walikuwa na yao. Walisimulia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya ng'ombe, ng'ombe amesimama juu ya jiwe, na jiwe liko mgongoni mwa samaki mkubwa aitwaye chewa. Ng'ombe akichoka shingo huihamisha dunia kwenye pembe ya pili, na hapo ndipo nchi hutetemeka.

Sipendi watu wanaoyacheka masimulizi haya. Nchi tambarare ilikuwa ndani yake, ndiyo, kwa sababu ndivyo macho yanavyoiona nchi. Lakini wasimulizi hawakusumbuka sana na umbo. Walichokitafuta ni sababu ya ardhi kutotulia, na jibu lao kwamba kuna kitu chini yetu kinachosogea lilikuwa sahihi. Mtu wa Kivu hakuhitaji mgeni amwambie hivyo. Huku Katana, upande wa Kankule, maji yanatoka ardhini yakiwa ya moto. Kule Goma kuna mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana inayotuama mabondeni na kuua mbuzi, mbwa na mara nyingine watoto.

Kituo cha Lwiro kilitokana na taasisi ya utafiti ambayo Wabelgiji waliianzisha mwaka 1947, iliyojulikana kama IRSAC, chini ya uongozi wa Louis van den Berghe. Ndiyo leo inayoitwa CRSN. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa matetemeko Jean-Claude De Bremaecker alifanya kazi hapo, na mwaka 1959 akachapisha utafiti wake juu ya mitetemo ya bonde letu la ufa. Baadaye akaja Mkongomani, Zana Ndontoni, aliyeshirikiana na Mjapani Hiroyuki Hamaguchi kuchunguza mitetemo hiyo hiyo. Majina haya mawili ya mwisho ningependa kila mtoto wa Kabare ayajue.

Baba yangu alikuwa kibarua Lwiro, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kubadilisha karatasi kwenye ngoma ya mashine inayoandika mitetemo. Hakusoma sana, lakini kwa kuzitazama karatasi siku baada ya siku alijifunza kutofautisha. Tetemeko la jirani lilichorwa kwa ghafla, mistari imebanana, kisha likaisha. Lile la mbali lilikuja kwa mawimbi mapana ya polepole na kuchukua muda mrefu kutulia. “Hili limetoka ng'ambo ya bahari,” alituambia jioni, na mama alimuuliza limepitia wapi hadi kufika kwetu.

Limepitia ndani. Hapo ndipo swali la darasa langu linapopata jibu, na hapo ndipo ninapokaa nalo muda mrefu kuliko mtaala unavyoniruhusu. Tetemeko kubwa hutuma mawimbi ya aina mbili katika mwili wa dunia: yanayosukuma, na yanayotikisa upande kwa upande. Yanayotikisa hayawezi kupita katika kitu kilichoyeyuka. Yanayosukuma hupita, lakini hupindwa. Mwaka 1906 Mwingereza Richard Oldham aliona katika mitetemo hiyo kwamba dunia ina kiini. Mwaka 1936 mwanamke wa Denmark, Inge Lehmann, akaonyesha kwamba ndani ya kiini hicho kuna kingine. Kiini kinaanzia kina cha kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu, na sehemu yake ya nje ni chuma kilichoyeyuka.

Kwa sababu ya kiini hicho, kila tetemeko lina eneo la kivuli upande wa pili wa dunia, ambako mawimbi ya kusukuma hayafiki kwa njia ya moja kwa moja. Kivuli kinaanza kilomita 11,500 hivi kutoka mahali pa tetemeko. Kutoka Tokyo hadi Lwiro ni kama kilomita 12,000. Tetemeko likitokea Tokyo, sisi tumo ndani ya kivuli! Karatasi aliyoibadilisha baba ilionyesha mawimbi yaliyodunda au kuzunguka njiani, na yale ya moja kwa moja hayakuwepo, yamezuiwa na moyo wa dunia.

Wapo vijana wanaoniletea kwenye simu video zinazodai kwamba dunia ni sahani. Nawapa penseli nawaambia wachore. Kivuli huanza kwa umbali ule ule kwa tetemeko la Japani, la Chile au la Indonesia, pande zote. Kwenye sahani, tetemeko la ukingoni na tetemeko la katikati hayawezi kutoa kivuli kimoja. Kwenye mpira wenye kiini katikati, hakuna kinachowezekana isipokuwa hicho. Hakuna kijana aliyewahi kunirudishia mchoro wa sahani unaokubali.

Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili saa tatu na nusu asubuhi, kitovu cha tetemeko kilikuwa huku kwetu, kama kilomita 20 kaskazini ya Bukavu, ukubwa wa 5.9. Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa ibadani. Bukavu na Kabare tulizika wetu. Wapo waliosema ni hasira ya wafu na waliosema ni siku za mwisho. Sikubishana na waliofiwa. Jumatatu iliyofuata niliwachorea wanafunzi ufa: upande wa mashariki wa Ziwa Kivu na upande wa magharibi zinaachana milimita chache kila mwaka, mwamba unavumilia kwa muda, kisha unakatika.

Ziwa lenyewe, lenye kina cha mita 485, limehifadhi katika maji yake ya chini takriban kilomita za ujazo 300 za hewa ya kaboni na 60 za methani. Tunajua hewa hiyo ya kaboni inaweza kufanya nini, kwa sababu tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno ukililinganisha na letu, liliitapika usiku na kuua watu wapatao 1,700. Rwanda wanaivuna methani ya Kivu kwa ajili ya umeme. Hata hivyo, vitabu ninavyofundishia vinaeleza matetemeko kwa mifano ya Japani na California. Ninaandika sura yangu mwenyewe, na mifano yake yote inatoka Lwiro, Katana, Kalehe na Goma. Wanafunzi wa mwaka huu wameanza kuinakili kwenye madaftari yao.