Virusi vya homa ya Bonde la Ufa katika seli za maabara

Virusi vya homa ya Bonde la Ufa ni virusi vinavyoenezwa hasa na mbu na kushambulia kondoo, mbuzi, ng'ombe, ngamia na binadamu. Vimo katika jenasi Phlebovirus ya familia Phenuiviridae. Havina undugu na virusi vya hepatitisi A, B, C, D na E, lakini wataalamu wa kwanza kuvieleza waliuita ugonjwa wake pia homa ya ini ya mifugo, kwa kuwa ini ndilo kiungo kinachoharibika zaidi. Makala hii inahusu jinsi virusi hivi vinavyozaliana na kudumu ndani ya seli zinazokuzwa maabarani, na maana yake kwa maeneo ya wafugaji kama Kilosa na Mikumi nchini Tanzania.

Historia

Ugonjwa huu ulichunguzwa mwaka 1930 katika shamba la kondoo karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Daubney, Hudson na Garnham walichapisha taarifa yao mwaka 1931. Mwaka 1944 virusi vilipatikana katika mbu wa msitu wa Semliki, Uganda. K. C. Smithburn, aliyefanya kazi Entebbe, alivipitisha mara nyingi katika ubongo wa panya hadi vikapungua ukali. Aina hiyo iliyodhoofishwa ikawa chanjo ya mifugo inayoitwa kwa jina lake.

Baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 2006, mlipuko ulitokea Kenya na Somalia, ukafika Tanzania mwanzoni mwa 2007. Nchini Tanzania mikoa 10 iliripoti wagonjwa. Kati ya watu 511 walioshukiwa kuugua, 309 walithibitishwa au kuhesabiwa kuwa na uwezekano mkubwa wa kuugua, na 144 walifariki. Mkoa wa Morogoro, ikiwemo Wilaya ya Kilosa, ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika.

Muundo na uzalianaji

Kila kirusi kimefunikwa kwa utando wa mafuta wenye protini mbili, Gn na Gc. Ndani yake mna vipande vitatu vya RNA: kikubwa (L), cha kati (M) na kidogo (S).

Kirusi hujishikiza juu ya seli kwa protini za utando. Mwaka 2021 ilibainishwa kwamba protini ya seli iitwayo LRP1 ni mlango mmoja muhimu, nayo inapatikana kwa wingi katika ini. Seli humeza kirusi ndani ya kifuko. Kifuko kikiwa na asidi ya kutosha, protini ya Gc hubadilika umbo na kuunganisha utando wa kirusi na ule wa kifuko, na RNA humwagika katika saitoplazimu. Hapo kimeng'enya cha kirusi chenyewe hunakili vipande vyote vitatu. Ili kuanzisha nakala zinazotengeneza protini, kimeng'enya hicho hukata ncha za RNA za seli na kuzitumia kama zake. Virusi vipya hukusanyika kwenye vifuko vya Golgi, kisha hutoka nje.

Seli za Vero

Seli zinazotumika sana kukuzia virusi hivi ni za Vero, zilizotolewa mwaka 1962 nchini Japani katika figo ya tumbili wa Afrika, jamaa wa tumbili wanaoonekana katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Seli hizi haziwezi kutengeneza interferoni, yaani protini ambazo seli hutoa kuzitahadharisha jirani zake. Kwa hiyo virusi huzaliana bila kizuizi, na kwa muda wa siku chache seli huwa duara, hubanduka na kufa.

Katika seli zenye interferoni, virusi hutegemea protini ya NSs. Protini hii huingia katika kiini cha seli, hujipanga kama nyuzi na kuzima jeni za kujihami. Aina ya virusi inayoitwa Clone 13, iliyopatikana Jamhuri ya Afrika ya Kati, imepoteza sehemu kubwa ya jeni ya NSs. Aina hii hukua vizuri katika seli za Vero lakini haisababishi ugonjwa mkali kwa mifugo, na kwa sababu hiyo imetengenezwa kuwa chanjo.

Kudumu katika seli za mbu

Katika seli za mbu mambo ni tofauti. Virusi huzaliana kwa wingi mwanzoni, kisha hupungua na kubaki kwa muda mrefu bila kuua seli. Seli za mbu hukatakata RNA ya virusi kuwa vipande vidogo. Hivyo huvidhibiti lakini hazivimalizi.

Hali hii inalingana na ilivyo porini. Utafiti wa Kenya uliochapishwa mwaka 1985 ulipata virusi katika mbu wa jenasi Aedes waliokuzwa kutokana na viluwiluwi, kumaanisha kwamba mama alivirithisha kupitia mayai. Mayai hayo hukaa katika udongo mkavu na huanguliwa mafuriko yanapokuja.

Virusi vya hepatitisi B hudumu kwa njia nyingine. Huacha duara la DNA katika kiini cha seli ya ini, na mtu anaweza kuwa navyo maisha yake yote. Virusi vya homa ya Bonde la Ufa havina hatua ya DNA. Mnyama au mtu hupona au hufa, na hifadhi yao ya muda mrefu ni mbu.

Umuhimu kwa Kilosa na Mikumi

Mbuga ya Mkata, inayoenea kati ya Kilosa na Mikumi, hufurika wakati wa masika, na katika eneo hili mifugo na wanyamapori huishi karibu. Miaka mingi inaweza kupita bila mgonjwa, kisha mvua kubwa ikaamsha virusi.

Dalili ya kwanza kwa kawaida ni wanyama wengi kutupa mimba kwa wakati mmoja na vichanga vyao kufa. Watu huambukizwa zaidi kwa kushika damu, nyama mbichi au mimba iliyotupwa, na pia kwa kuumwa na mbu. Wengi hupata homa ya kawaida, wachache hupata manjano, kutokwa damu au upofu. Hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya binadamu. Kinga ni kuchanja mifugo kabla ya mvua, kutochinja mnyama mgonjwa, kuvaa glovu unapomhudumia mnyama anayezaa, na kupika nyama na kuchemsha maziwa vizuri.