Historia Fupi ya Pijo 404, Kutoka Sochaux Hadi Qurus



Safari hii naandika juu ya gari. Najua wako watakaosema kwamba historia ni mambo ya wafalme, mikataba na vita, nami historia hiyo nimeisoma hapa shuleni na baadaye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wala siidharau. Lakini mtu akitaka kujua maharage ya Qurus yalifikaje sokoni Arusha, mgonjwa alifikaje hospitali ya Mbulu usiku wa masika, na karo ya baadhi yetu ilitoka wapi, hapana budi akitazame pia chombo kile ambacho wazee wetu walikiita Pijo. Jina lake la karatasini ni Peugeot 404.

Watu wa Peugeot hawakuanza na magari. Walikuwa wafua chuma wa mashariki ya Ufaransa. Tangu mwaka 1810 walitengeneza misumeno, na kuanzia 1840 vinu vya kusagia kahawa; kwa hiyo huenda jina lao lilijulikana kwa wanywaji wa kahawa muda mrefu kabla mashamba ya Oldeani hayajapandwa mbuni wa kwanza. Kiwanda chao kikubwa cha magari kilijengwa Sochaux mwaka 1912. Mwaka 1929 walitoa gari lililoitwa 201, na tangu hapo wakashika desturi ya kuweka sufuri katikati ya namba. Desturi hiyo waliilinda kwa wivu. Porsche ya Ujerumani ilipotaka kuliita gari lake 901, Peugeot walikataa, na ndiyo sababu gari lile linaitwa 911 mpaka leo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili walitoa 203 mwaka 1948, kisha 403 mwaka 1955. Hii 403 ndiyo ya kwanza kuchorwa kwa ushirikiano na Pininfarina wa Turin, Italia. Mei 1960 ikafuata 404, nayo ilichorwa na Pininfarina hao hao, wakaipa pembe zilizonyooka na vile vijipezi viwili vya nyuma. Aliyewahi kuiona Austin Cambridge ya miaka ile atadhani ni ndugu yake, na hakosei sana, kwa maana mchoraji alikuwa mmoja.

Lilikusudiwa kuwa gari la familia ya Kifaransa ya hali ya kati: baba, mama, watoto na mizigo ya likizo. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, imelazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Mwanzoni krenki yake ilishikwa na beringi tatu. Kuanzia miaka ya kati ya 1960 wakazifanya tano, injini ikatulia zaidi. Kulikuwa na petroli na baadaye dizeli. Likatoka pia steshenwageni, na lingine refu lenye safu tatu za viti, kisha pikapu mwaka 1967. Pikapu hiyo ndiyo iliyokuja kutuhusu sisi.

Hapa niombe radhi kwa wale wasiopenda mambo ya gereji, maana nitaingia uvunguni kidogo. Yako mambo matatu ndani ya gari hili yaliyoamua historia yake katika nchi kama yetu.

La kwanza ni silivu. Katika injini nyingi tundu la pistoni limetobolewa ndani ya bloku yenyewe, nalo likiliwa, bloku hupelekwa kwenye mashine ya kuchonga, na mashine hiyo iko mjini. Katika 404 pistoni inapanda na kushuka ndani ya bomba la chuma linalochomolewa, likiwa limezungukwa na maji. Likiliwa, fundi analitoa na kuweka jipya pamoja na pistoni yake. Kazi hiyo inafanyika chini ya mwarobaini, kwa spana na subira.

La pili ni hendeli. Betri ikifa, unachomeka chuma mbele, unazungusha, gari linawaka. Nilipokuwa shule ya msingi mwishoni mwa miaka ya 1980, alfajiri za Qurus zilikuwa na sauti ya kuzungusha hendeli, na sisi watoto tulijua kutokana na idadi ya mizunguko kama mwenye gari ataamka na furaha au la.

La tatu ni difu, na hili ndilo linalonifurahisha kuliko yote. Ndani yake hakukuwa na meno ya kawaida kama ya magari mengine. Palikuwa na skrubu ya chuma ikisukuma gurudumu la shaba nyeusi. Ilikuwa kimya na imara sana, ila haikupatana na mafuta ya kawaida ya difu; ilitaka mafuta yaliyotokana na nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii inayoota nyuma ya maboma yetu. Aliyetia mafuta mengine bila kujua aliiua difu polepole, na shaba ile haikuwa na badala.

Sasa tutoke uvunguni turudi barabarani. Mwaka 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yalianzishwa mashindano ya magari katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari. Yalikuwa ya magari yale yale yaliyouzwa dukani, yakikimbia katika barabara zile zile walizotumia wananchi, tena wakati wa Pasaka, yaani katikati ya mvua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza 7. Mshindi alikuwa Nick Nowicki ndani ya 404. Mwaka 1966 na tena 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, nao wakiendesha 404. Mwaka 1968 mvua ikazidi, yakaondoka magari 93, yakamaliza 7 tena, na mshindi akawa Nowicki yule yule na 404 ile ile ya Sochaux.

Kwa maoni yangu ushindi huo ulikuwa na maana kuliko tangazo lolote la biashara. Mkulima au mwenye duka wa Karatu hakusoma magazeti ya Kifaransa. Alichojua ni kwamba matope yaliyoyameza magari mengine, gari hili limeyapita, na lililopita ni ndugu wa lile lililoko dukani Arusha. Tena alikuwa na sababu yake ya kujali. Lami ya kutoka Makuyuni hadi lango la Ngorongoro ilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani. Kabla ya hapo, ukiiacha Makuyuni ulikuwa na vumbi mpaka Mto wa Mbu, kisha ukuta wa Bonde la Ufa, kisha udongo mwekundu wa Rhotia na Karatu ambao masika huteleza kama sabuni. Kweli, mfalme wa matope alikuwa Land Rover, na sitaki kumnyima haki yake. Lakini Land Rover ilikuwa ya Serikali, ya misheni au ya mwenye shamba kubwa, na ilikunywa petroli bila huruma. Pijo ilikuwa ya mwananchi aliyeuza ng'ombe na ngano akajikusanya. Ilibeba magunia wiki nzima, na siku ya mnada ikabeba watu. Mijini pikapu za namna hiyo, zenye mabenchi mawili yanayotazamana, ziliitwa chai maharage.

Mrithi wake, 504, ilikuwa ionyeshwe kwa waandishi mwezi Juni 1968, lakini migomo ya Ufaransa mwaka ule ikaichelewesha hadi Septemba. Ilichaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ilikuwa laini zaidi, na steshenwageni yake iliwekwa springi nne nyuma, mbili kila upande, ikawa teksi ya masafa marefu barani kote. Ilishinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena 1978 na Jean-Pierre Nicolas. Wafaransa walisimamisha 404 kwao mwaka 1975, baada ya kutengeneza zaidi ya milioni 1.8, lakini barani Afrika ziliendelea kuunganishwa. 504 iliunganishwa Mombasa mpaka miaka ya mwanzo ya 2000, na Kaduna huko Nigeria mpaka katikati ya miaka hiyo. Sisi Tanzania tulijishughulisha na malori, tukiunganisha Scania pale Kibaha. Pijo zetu zilitegemea vipuri vya kununua, na kwa mkoa wa Arusha njia fupi ya kununua ilikuwa Nairobi.

Februari 1977 mpaka wa Namanga ukafungwa, na mwaka huo huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Wadogo zetu mnaosoma sura hii katika kitabu cha historia mnafundishwa juu ya mgawanyo wa reli, bandari na ndege, na ni sawa. Lakini yupo pia mtu wa Qurus mwenye pikapu ambayo silivu zake zimeliwa, na silivu mpya ziko saa chache tu kutoka Arusha, ng'ambo ya kizuizi. Ikafuata Vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, kisha bei ya mafuta ikapanda duniani, kisha fedha za kigeni zikaadimika. Magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Kipuri kilichokuwepo kilipatikana kwa kibali au kwa ulanguzi.

Mwaka jana nilikwenda kuzungumza na fundi mmoja mzee wa Karatu aliyezifanyia kazi gari hizi katika miaka hiyo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu.

"Baba, mlifanyaje wakati hakuna vipuri?"

"Mwanangu, tulikuwa wachinjaji," akasema. "Pijo tatu zinakufa ili moja itembee. Bushi tulikata kwenye tairi kuukuu. Gasketi tulikata kwenye karatasi ngumu. Ringi za pistoni tulitoa kwenye injini iliyokufa tukazikwangua mpaka zikubali."

"Na difu?"

Akatikisa kichwa. "Ile shaba huwezi kuidanganya. Ikiisha, imeisha. Na mafuta yake nayo hayakuonekana, watu wakatia yoyote. Wako waliojaribu kukamua nyonyo nyumbani."

"Ikafaa?"

"Ilinukia vizuri."

Nilimuuliza habari za wagonjwa. Alisema kufikia mwaka 1982 pikapu ya kukodi usiku ilikuwa shida kuipata, na kwamba yeye mwenyewe alimsaidia jirani kumbeba mkewe mjamzito kwa machela hadi barabara kuu, wakangoja lori mpaka kulipokucha. Mtoto alizaliwa pale pale barabarani, mzima. Yumo, alisema, katika wale waliosoma shule hii. Sikuuliza jina, wala mhariri asitafute.

Ndiyo sababu nasita ninaposikia, hata kazini ambako nashughulikia magari ya Serikali, kwamba magari ya zamani yalikuwa mazuri kwa kuwa kila fundi aliweza kuyatengeneza. Ni kweli nusu. Waliochora 404 waliifanya itengenezeke porini, na mafundi wetu waliijua kuliko mhandisi yeyote wa Sochaux. Lakini silivu inayobadilishwa chini ya mti inataka silivu nyingine ya kuweka. Gari hilo liliyashinda matope ya Pasaka mara nne, nalo likaja kukwama kwenye kizuizi cha mpaka, mahali pakavu kabisa. Leo gari la ofisi likiwasha taa ya hitilafu tunatafuta mtu mwenye kompyuta mjini, na vijana hucheka wakisema wazee wasingeweza. Mimi naona shida ni ile ile, imebadilisha umbo tu.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka uliofuata Serikali ilianza kulegeza masharti ya biashara, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na pamoja na vitenge na sabuni zikaja pikapu za Japani, Toyota kwa wingi, na vipuri vyake vikijaa madukani Arusha. Hazikuwa lazima bora. Zilikuwa zinapatikana. Nilipoingia kidato cha kwanza miaka ya 1990, Pijo zilizokuwa zinatembea upande wetu niliweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kabla sijaondoka, yule fundi aliingia ndani akatoka na boksi dogo. Mpaka ulipofunguliwa, alisema, alipanda basi kwenda Nairobi na fedha alizochangiwa na wenye magari watatu, akanunua seti mbili za silivu na pistoni. Moja aliifunga wiki ile ile. Ya pili ilikuwa ya pikapu ya mzee mmoja wa Qurus ambaye, aliporudi, alimkuta ameshaiuza kama chuma chakavu. Boksi halijafunguliwa. Grisi ya kiwandani ingali inang'aa kwenye karatasi.

"Bei yake?" nikamtania.

"Lete gari kwanza," akasema.